Haki ya Alama: Usahihishaji wa Mitihani ya Taifa na Mtoto wa Kaniha

Kaniha ni kata ya Wilaya ya Biharamulo, wilaya iliyopakana na Ngara, katika Mkoa wa Kagera. Kutoka huko mpaka Dar es Salaam, yalipo makao makuu ya Baraza la Mitihani la Tanzania, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Mtoto wa pande hizo amalizapo kidato cha nne huandika majibu yake, huweka kalamu chini, na karatasi yake humtoka mkononi isimrudie tena. Atakachorudishiwa ni herufi moja kwa kila somo: A, B, C, D au F. Hajui ni nani aliyeisoma kazi yake, wala aliisoma saa ngapi ya mchana, wala kwa kipimo gani. Lakini herufi hizo zikijumlishwa ndizo zitakazonena kama ataendelea mbele au njia yake imekomea hapo.

Mtoto wa mjini akidhani amedhulumiwa, yumkini ana mjomba au jirani ajuaye pa kuuliza. Mtoto wa Kaniha hana. Kwa sababu hiyo, mwenye kutaka kupima haki ya usahihishaji wa mitihani ya taifa hafanyi vibaya akiipimia huko. Maana haki isiyomfikia aliye mbali ni upendeleo uliovaa kanzu ya haki.

Suala lenyewe si la leo. Zamani karatasi za mitihani ya sekondari ya Afrika ya Mashariki zilikuwa chini ya Chuo cha Cambridge, Uingereza, na kipimo cha kufaulu kilitungwa huko. Baada ya uhuru nchi tatu ziliunda Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki. Tanzania ilijitoa katika baraza hilo mwaka 1971, na mwaka 1973 ikaunda Baraza lake kwa Sheria Na. 21 ya mwaka huo. Kenya ilifuata mwaka 1980, na Uganda mwaka 1983. Hivyo mizani ilirudishwa nyumbani, na hilo lilikuwa jambo la heshima. Lakini mizani kurudi nyumbani ni jambo moja, na mizani kuwa sawa ni jambo jingine. Mwuzaji aweza kuwa ndugu yako na kibaba chake kikawa pungufu.

Katika mazungumzo ya watu, mambo mawili huchanganywa yakafanywa moja. La kwanza ni uthabiti: ya kwamba karatasi moja ipate alama ile ile, iwe imesomwa na msahihishaji huyu au yule, asubuhi au jioni. La pili ni haki: ya kwamba alama hiyo iwe stahili ya kazi iliyofanywa. Uthabiti ni sharti la haki, lakini si haki yenyewe. Mizani iliyoharibika hutoa uzito ule ule kila siku, na kila siku hudhulumu. Anayesifu usahihishaji kwa kuwa haubadiliki amesifu nusu ya jambo tu. Nusu ya pili ni kuuliza kama alama ina sababu inayoweza kutajwa mbele ya mwenyewe.

Ugumu wa kupata hata huo uthabiti umethibitishwa muda mrefu. Mwaka 1912 wataalamu wawili wa Marekani, Starch na Elliott, waliwapelekea walimu karatasi mbili za somo la Kiingereza wazisahihishe, na majibu ya walimu 142 yakarudi. Karatasi ya kwanza ilipewa alama za kila namna kati ya 64 na 98. Ya pili kati ya 50 na 98. Karatasi hazikubadilika, waliobadilika ni wasomaji. Mwaka 1935 Hartog na Rhodes wa Uingereza walitangaza uchunguzi uliokuwa mchungu zaidi. Walichukua karatasi 15 za Historia ambazo hapo kwanza zilikuwa zimepewa alama sawa, wakawapa watahini 14 wazisahihishe upya. Baada ya mwaka na zaidi wakawarudishia watahini wale wale karatasi zile zile. Katika hukumu 210, hukumu 92 ziligeuka. Hawa hawakuwa wala rushwa wala wavivu. Walikuwa watu wazima wenye elimu na nia njema, na kila mmoja alipingana na nafsi yake mwenyewe.

Maana ya habari hiyo kwa Tanzania ni rahisi kuiona. Katika mtihani wa kidato cha nne, mwenye alama 29 amepata F, na mwenye alama 30 amepata D. Kati yao ipo alama moja, na hiyo ni ndogo kuliko tofauti iwezayo kutokea kati ya macho ya asubuhi na macho ya jioni ya mtu mmoja. Basi mstari kati ya kushindwa na kufaulu umechorwa kwa kalamu nyembamba juu ya karatasi inayotikisika. Hapana ubaya kuuchora, maana lazima uchorwe mahali. Ubaya ni kusahau ya kwamba karatasi inatikisika.

Hapana haja ya kudhani kwamba wasahihishaji hawayajui hayo. Walimu hukusanywa katika vituo vya usahihishaji, hupewa mwongozo, huujadili swali kwa swali, husahihisha karatasi chache za majaribio na kulinganisha alama zao kabla ya kuanza kazi yenyewe. Viongozi wa vikundi hurudia baadhi ya karatasi ili kumkamata aliye mkali mno na aliye mpole mno. Tena upo utaratibu wa kupitisha karatasi mkono kwa mkono, kila msahihishaji akishika swali lake moja au sehemu yake moja tu. Faida yake ni mbili. Mtu anayesoma swali moja kwa siku nyingi hulijua kwa undani. Na hatima ya mtoto haimo tena katika mkono wa mtu mmoja, bali imegawanywa kwa wengi, hata ukali wa mmoja ukapunguzwa na upole wa mwingine.

Lakini utaratibu huo una kasoro yake. Msahihishaji wa swali moja haoni mtoto mzima. Haoni ya kwamba kijana aliyejikwaa katika sarufi ameandika insha yenye fikira za mtu mzima. Tena mwenye kusoma jibu la swali lile lile mara elfu huanza kutafuta maneno badala ya maana. Jicho lake hukimbilia neno lililoandikwa katika mwongozo, na lisipoliona, mkono huandika sifuri kabla akili haijafika. Uchovu wa namna hii hauonekani katika jedwali lolote, kwa kuwa wachovu wote huchoka sawasawa. Ni uthabiti, lakini ni uthabiti wa usingizi.

Wako waliotaka kuutibu udhaifu wa macho ya binadamu kwa kuyaondoa kabisa. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, kwa miaka mingi mtoto alitakiwa achague herufi ya jibu sahihi, na mwaka 2012 ikaanza kutumika mashine ya kusoma alama za penseli. Mashine haina ndugu, haina kabila, haisinzii. Mtoto wa Kaniha na mtoto wa Kinondoni huisimamia sawa. Mtu akitaka uthabiti, amekwisha kuupata.

Hata hivyo mwaka huo huo wa 2012 ilielezwa hadharani ya kwamba maelfu ya watoto walioingia kidato cha kwanza, yaani watoto waliohesabiwa kuwa wamefaulu, hawakujua kusoma na kuandika. Hesabu yake si ngumu. Maswali yakiwa 40, na kila moja lina majibu matano ya kuchagua, asiyejua kitu hupata kwa wastani maswali 8 kwa kubahatisha tu. Akiwa na bahati, au akiwa na jirani mwema, hupata zaidi. Mashine ingesoma kila alama ya penseli bila kosa, na ingemtangaza asiyejua kusoma kuwa amefuzu Kiswahili. Isingekosea hata mara moja, wala isingeuliza swali lililofaa kuulizwa: je, mtoto huyu aweza kuandika barua kwa mama yake? Katika miaka ya karibuni yameongezwa maswali ya kujibiwa kwa kuandika, na huo ni uongofu wa kusifiwa. Lakini kila sentensi inayoandikwa na mtoto hurudisha msahihishaji, na kila msahihishaji hurudisha ulizo la haki.

Katika somo la Kiswahili ulizo hilo ni zito kuliko mahali pengine, kwa kuwa ndilo somo ambalo lugha si chombo cha kujibia tu, bali ndiyo kitu chenyewe kinachopimwa. Katika pande za Ngara na Biharamulo husikika Kihangaza, Kisubi, Kizinza, Kisukuma na Kiha. Kwa watoto wengi wa huko Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko na ya mgeni kabla hakijawa lugha ya nyumbani. Katika lugha kadha wa kadha za bara, l na r si sauti mbili zenye kazi mbili; ni sauti moja yenye sura mbili, au moja yao haimo kabisa. Basi mtoto huandika “rakini” kwa “lakini”, na “kurara” kwa “kulala”. Huandika “samani” akitaka “thamani”, na “garama” akitaka “gharama”. Haya ni makosa, na hapana faida kuyaita kwa jina jingine. Katika Kiswahili kura si kula, mahari si mahali, na mtoto anayeandika ya kwamba mwalimu alimpa karamu amesema jambo la furaha kuliko alilokusudia, maana alipewa kalamu tu.

Suala si kama kosa lisahihishwe, bali ni mara ngapi, na kwa bei gani. Mtoto mwenye kosa moja la r na l huweza kulirudia mara 15 katika insha moja. Msahihishaji mmoja ataliona kuwa kosa moja lililojirudia, atalipigia mstari mara ya kwanza, kisha atasoma habari. Msahihishaji wa pili atahesabu makosa 15, na insha yenye mpango mzuri, hoja zilizofuatana na mwisho unaostahili itazama kwa sababu ya herufi moja. Wote wawili wamefuata kanuni ya kwamba tahajia lazima iangaliwe. Mwongozo usiposema waziwazi kwamba kosa la namna moja huhesabiwa mara moja, na kwamba jumla ya alama zinazoweza kupotea kwa tahajia ina mpaka wake, basi hatima ya mtoto ni bahati ya kumwangukia huyu au yule.

Upo pia upendeleo ambao mwenye nao haujui. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilifanya kazi kubwa ya kuweka tahajia moja na kukagua vitabu. Kwa hiyo sanifu haikuwa lugha ya mama ya kila mtu wa pwani, seuze wa bara. Mtu wa Mombasa husema “nti” pale ambapo sanifu husema “nchi”. Msahihishaji aliyelelewa kwa mashairi akikutana na “nti” katika insha aweza kutabasamu na kunong'ona ya kwamba mtoto huyu ana asili ya lugha. Akikutana na “rakini” hukunja uso na kusema mtoto huyu hajui lugha. Kwa kipimo cha sanifu wote wawili wametoka nje ya mstari kwa hatua moja. Mmoja amesamehewa kwa kuwa kosa lake lina ukoo mtukufu. Haki yataka ama wote wasamehewe, ama wote wakatwe, na yataka uamuzi huo uwe umeandikwa kabla bahasha ya kwanza haijafunguliwa.

Sehemu ya fasihi ina taabu ya namna nyingine. Hapo swali humtaka mtahiniwa aeleze dhamira au atathmini wahusika kwa kutoa hoja kutoka katika vitabu teule. Mwongozo huorodhesha hoja zinazotazamiwa, na kila hoja yenye mfano hupata alama zake. Orodha ni rafiki wa uthabiti. Humzuia msahihishaji asimpe alama yule anayemfurahisha tu. Lakini orodha yaweza kuwa adui wa uhakiki, kwa kuwa uhakiki ni kuona kilichomo kitabuni, na orodha ni kumbukumbu ya yale ambayo watu wengine walikwisha kuyaona.

Mfano mzuri ni tamthiliya ya Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa vitabu vya kidato cha nne. Kijana mtumishi anatumwa kijijini kuhesabu watu. Anapendana na binti wa mwenyeji wake. Na kwa hasira za baba karatasi za hesabu zinateketea kwa moto. Kila mwanafunzi amefundishwa kuandika ya kwamba penzi limeleta uzembe, ya kwamba serikali imepata hasara, ya kwamba vijana wafanye kazi kwa uangalifu. Hoja hizo ni sahihi, na kichwa cha kitabu chenyewe kimezitangaza.

Sasa na atazamwe mwanafunzi mmoja wa kubuni, aliyekisoma kitabu kile huko Kaniha chini ya mti, akitumia nakala moja na wenzake wengi. Yeye anaandika ya kwamba kosa si la penzi peke yake. Anasema kazi ya taifa zima iliwekwa katika mfuko wa mtu mmoja, asiye na wa kumwangalia wala nakala ya pili ya karatasi zake. Na kazi iliyojengwa hivyo ingeharibika hata kama Ngoswe angekuwa mtawa, kwani nyumba ya nyasi yaweza kuwaka bila kisa cha mapenzi. Anataja tukio la kitabuni na kulifafanua. Hoja hii haimo katika orodha. Msahihishaji mwenye mwongozo mkavu ataiandikia sifuri, na hakuna atakayeweza kumlaumu, kwa kuwa amefanya kama wenzake wote. Msahihishaji mwenye ujasiri ataipa alama kamili, na ataonekana mvunja kanuni. Mtoto aliyefikiri ameadhibiwa. Mwenzake aliyekariri amelipwa. Mwaka unaofuata walimu watakuwa wamejifunza somo lao, na hawatafundisha tena kitabu, watafundisha orodha.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Ni kuandika katika mwongozo, pamoja na hoja zinazotazamiwa, sifa za hoja yoyote inayostahili alama: iwe imejibu swali, iwe imesimama juu ya tukio au maneno ya kitabu, na iwe imeelezwa jinsi tukio hilo linavyoithibitisha. Hoja mpya yenye sifa hizo ipewe alama. Na msahihishaji akisita, aipeleke kwa kiongozi wa kikundi, na uamuzi wake utangazwe kwa wasahihishaji wote siku ile ile. Kwa njia hiyo uthabiti haupotei, maana wote wanafuata kanuni moja. Ila kanuni yenyewe imejifunza kusikiliza.

Yote hayo yahusu alama zinazoandikwa juu ya karatasi. Lakini baada ya kalamu nyekundu kufungwa kuna usahihishaji wa pili usioonekana, nao ni kugeuza alama kuwa madaraja. Hapo ndipo nchi ilipopata somo lake kubwa. Mwezi wa Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na kiasi cha watahiniwa 60 katika kila 100 walikuwa wamepata daraja la sifuri. Nchi ilishtuka. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na mwezi wa Mei serikali ikatangaza bungeni ya kwamba matokeo yale yamefutwa na alama zipangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka 2011. Ilielezwa ya kwamba Baraza lilikuwa limetumia mipaka ya madaraja isiyobadilika, mahali pa mipaka iliyokuwa ikipangwa kwa kuangalia hali ya kila somo. Alama zilipopangwa upya, waliofaulu walipanda kutoka kiasi cha 34 katika 100 mpaka kiasi cha 43.

Msomaji na atue hapa kidogo. Kati ya Februari na Mei hapana mtoto hata mmoja aliyeandika neno jipya. Karatasi zilikuwa zile zile, wino ule ule. Hata hivyo maelfu ya watoto waliolala wameshindwa waliamka wamefaulu. Wengine walisema Baraza lilikuwa kali; wengine wakasema serikali ilikuwa laini. Wote wawili walikuwa na sehemu ya kweli. Mipaka isiyobadilika ina hoja yake: kama alama 45 ni kipimo cha ujuzi fulani mwaka huu, ni vizuri iwe hivyo mwaka ujao, ili A ya mtu isiwe nyepesi kwa sababu tu mwaka wake ulikuwa mgumu kwa wengine. Mipaka inayobadilika ina hoja yake pia: mtihani wa mwaka mmoja waweza kuwa mgumu kupita wa mwaka mwingine, na si haki watoto walipie ukali wa mtungaji. Kosa halikuwa kuchagua njia ya kwanza au ya pili. Kosa lilikuwa kwamba kipimo kilibadilishwa na waliopimwa hawakuambiwa. Wakulima wanaopeleka kahawa chamani wataelewa: bei yaweza kupanda au kushuka, lakini jiwe la mizani halibadilishwi wakati gunia limekwisha kuwekwa.

Pamoja na hayo lipo jambo la alama za kazi za darasani. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lililaumu tabia ya kumpima mtoto kwa mtihani mmoja wa mwisho, na kuanzia hapo maendeleo yake ya shuleni yakatiwa katika hesabu. Nia ilikuwa njema. Lakini mwalimu mkali wa shule moja na mwalimu mkarimu wa shule nyingine hawapimi kwa kibaba kimoja, na kila zinapotumika alama za namna hiyo, lazima zilinganishwe na matokeo ya mtihani wenyewe. La sivyo mwanafunzi wa mwalimu mkweli ndiye atakayeumia.

Hatua kadha za ulinzi zimekwisha kuchukuliwa, na si haki kuzificha. Mtahiniwa hutambulishwa kwa namba, si kwa jina. Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zenye mifano ya majibu mazuri na mabaya, nazo ni hazina kwa mwalimu anayezisoma. Yupo pia mlango wa rufaa kwa asiyeridhika, ndani ya muda uliowekwa na kwa malipo ya ada. Lakini kila ulinzi una tundu lake. Namba ya mtahiniwa huanza na namba ya kituo, na namba ya kituo ni jina la shule kwa mtu anayeijua. Ingekuwa salama zaidi kama msahihishaji angeona namba ya siri isiyo na shule wala wilaya. Rufaa hutaka fedha na habari, na vyote viwili hupungua kadiri mtu anavyokaa mbali na mji. Nazo taarifa za uchambuzi zingefaa mara mbili kama kila mfano wa insha ungeandamana na sababu: kwa nini kazi hii imepata alama 6 wala si 8, na ni kosa gani lililogharimu alama gani.

Hapo ndipo shina la jambo lote. Alama ni hukumu, na hukumu isiyoweza kutaja sababu yake ni amri tu. Hakimu wa mahakama ya mwanzo huandika sababu ya hukumu juu ya mbuzi mmoja aliyeingia katika shamba la mtu. Mtahini anayehukumu miaka 11 ya masomo ya mtoto hawezi kudaiwa pungufu. Kwa insha na majibu marefu ya fasihi yafaa wasahihishaji wawili wasome kila mmoja peke yake, bila wa pili kuona alama ya wa kwanza, na wakitofautiana sana asome wa tatu. Itasemwa ya kwamba watahiniwa ni mamia ya maelfu na gharama haibebeki. Basi na ianziwe kwa karatasi zilizo karibu na mpaka, wale wa 28 na 29, ambao kosa la alama moja ndilo maisha yao. Gharama ya kuzisoma mara ya pili ni ndogo kuliko gharama ya kumrudisha shambani aliyestahili kuendelea, au kumpeleka mbele asiyejua kusoma. Na mipaka ya madaraja itangazwe kabla ya mwaka wa masomo kuanza, isiguswe mpaka waliouanza wawe wameumaliza.

Yatakapofanyika hayo hapana ahadi ya kwamba kila mtoto wa Kaniha atafaulu. Wengine watashindwa, maana wapo wasiojiandaa, na zipo shule zenye walimu wachache na vitabu vichache, na hilo ni deni jingine ambalo usahihishaji hauwezi kulilipa. Lakini kushindwa kuko namna mbili. Kuna kushindwa ambako mtu huonyeshwa mahali alipojikwaa, akajua la kufanya. Na kuna kushindwa ambako mtu hupewa herufi tu, akabaki kukisia kama aliyekosa ni yeye, au msahihishaji, au jiwe la mizani. Wa kwanza hurudi darasani. Wa pili hurudi nyumbani na kuwaambia wadogo zake ya kwamba mtihani ni bahati nasibu, nao humwamini.